Sifuri Niliyompa Shemeji

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama juu ya kiti cha kinyozi, kidole hewani, nikiwatangazia mashabiki ishirini na saba wa bendi ya Radi Kavu kwamba mpiga gitaa wao namba mbili hajui kupiga gitaa.

Mlinisikia nikishangiliwa. Mlinisikia nikimwita mtu yule pambo la jukwaa. Jambo moja sikuwaambia, na leo naliweka mezani kabla hamjalisikia kwa wambea: mtu yule ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu mdogo.

Haya. Mmeshanitukana? Tuendelee.

Kwa waliofungia vitumbua gazeti lililopita bila kulisoma: Radi Kavu ilivunjika miaka kumi na minane iliyopita, ikatuachia kanda moja ya nyimbo nane. Nyimbo za roki, za kuvunja vikombe. Redio ilikataa kuzipiga, ikasema ni kelele za karakana. Sasa bendi inarudi kwa onyesho moja. Walikuwa watano, mwandaaji anataka wanne. Kiongozi wao, mpiga ngoma, jitu zima lenye mikono kama makasia lakini linaloogopa kuwatazama wenzake machoni, akatutupia mzigo sisi mashabiki. Akasema, "Wapeni alama. Wa mwisho atabaki nyumbani."

Na mwenyekiti wa mashabiki ni nani? Mimi. Fundi redio. Shule ilinishinda mapema, au mimi niliishinda, inategemea unamuuliza nani. Nilijisomea kwa magazeti yaliyofungiwa misumari. Kiwandani walinifukuza kwa kusema kweli, na ninakumbuka hata rangi ya tai aliyovaa meneja siku hiyo.

Alama nilizitoa kwa haki. Solo, yaani mpiga gitaa namba moja, nilimpa tisa. Moja nilimnyima kwa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ngoma nane: anapiga kama mtu anayedai haki yake, ila anaidai kabla ya saa. Besi hakosei kwa sababu hajaribu, nikampa saba. Kinanda tano za huruma, maana vidole vyake vinatembea kama watu wanaotafuta choo gizani.

Namba Mbili, sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Hasikiki. Ameshika gitaa kama mtu aliyeombwa amshikie jirani mtoto."

Kinyozi akabandika nakala kwenye kioo chake. Watu wakawa wananyolewa huku wakisoma na kucheka, mmoja akakatwa sikio. Nakala yenye muhuri nilipaswa kumkabidhi Kiongozi Jumamosi, saa nane mchana.

Jumamosi hiyohiyo, saa tatu asubuhi, nikasikia mlangoni:

"Hodi, fundi."

Fundi! Tumenyonya ziwa moja, nimembeba mgongoni, leo naitwa fundi. Miaka minne alikuwa hajakanyaga karakana yangu.

"Karibu, mteja," nikamjibu. Mdomo hata mimi ninao.

Dada yangu akaweka mashine ya kanda juu ya meza. "Upande wa kulia unakwaruza."

"Nitaukata."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Usiukate."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakuagiza kazi. Nataka pande zote mbili zitoke."

Hapa lazima niwaeleze kazi yangu, msije mkadhani nilikuwa mjinga tu. Mashine hizi zina kile kichwa kidogo kinachosoma kanda. Kikichakaa, upande mmoja huanza kukwaruza, na mara nyingi, kwa mashine za mtaani kwetu, ni wa kulia. Mafundi wengine watakwambia kanunue kichwa kipya. Mimi nilikuwa na dawa yangu: nakata waya wa kulia, wa kushoto naupeleka kwenye spika zote mbili. Sauti inatoka safi, nene, mteja anaondoka akicheza. Mtaani waliita "mkato wa fundi". Nilijivunia kama mtu aliyegundua moto.

"Mumeo kakutuma?" nikauliza.

"Mume wangu hajui kama nimekuja. Tangu Jumatano gitaa liko chini ya kitanda na yeye yuko juu ya kitanda. Chakula hagusi. Nikimwita ananijibu, 'Achana na mimi, sisikiki.'"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. Nimesema naungama, sikusema napamba.

"Alama ni za haki," nikasema. "Sina shemeji kwenye haki."

"Kaka," akasema, akasahau kwamba mimi ni fundi, "wewe ukimkanyaga mtu mguu unamwambia unawatetea wanyonge. Nitarudi saa saba."

Akaenda zake.

Sasa sikilizeni aibu nyingine, maana leo nimeamua kujivua nguo mwenyewe. Mimi sijawahi kuiona Radi Kavu ikipiga. Hata siku moja. Mwaka walioanza, ukumbi ule uliweka viti vya mbele vya waheshimiwa na kuvizungushia kamba. Nikaususia. Nikaapa mguu wangu hautaingia mahali ambapo makalio ya wengine yana kamba. Dada yangu alipoolewa, harusi ilifanyika ukumbi uleule, kamba ileile. Nikasusia na harusi.

Kwa hiyo mwenyekiti wenu wa mashabiki aliijua bendi kwa kanda tu. Wenzangu walioingia ukumbini nao hawakunizidi sana. Humo husikii mtu, unasikia ngurumo na jasho la jirani. Sote tulijifunza nani ni nani kwenye mashine zetu.

Nikashika koleo ili nikate. Mazoea yana mkono wake. Nikasita. Nikajisemea, ngoja nimtengenezee huyu mteja kama alivyotaka, ajionee mwenyewe kwamba upande wa kulia hauna kitu.

Nikasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, nikakaza skrubu yake taratibu, nikaunga spika mbili, moja huku na moja kule. Nikatia kanda yangu ya Radi Kavu. Wimbo wa tatu, ule Solo anaoanza peke yake.

Solo akapiga maneno yake manne, kushoto, kama ninavyoyajua.

Kulia, mtu akajibu.

Nikageuka kuangalia nani ameingia karakana. Hapakuwa na mtu. Solo akasema tena, kulia akajibiwa tena, safari hii kabla hajamaliza, kama mke anayejua mumewe anataka kudanganya nini. Solo akapandisha sauti. Huyu wa kulia akamwacha apande, akamsubiri kule juu, kisha akamvuta miguu. Nyuzi zilikuwa zinacheka. Sina neno lingine. Gitaa lilikuwa linamcheka Solo, na Solo, bila kujua, akawa anapiga vizuri zaidi kwa sababu anachekwa.

Miaka kumi na minane nilimsikiliza Solo kama unavyomsikiliza mtu anayeongea na simu, ukasema huyu bwana ana hekima. Kumbe mwenye hekima yuko upande wa pili.

Nikarudisha kanda. Mara tano. Nikachukua mashine yangu mwenyewe, nikafungua mgongo wake. Waya wa kulia umekatwa. Nani aliukata? Mimi. Ya kinyozi? Mimi. Ya karani, yule mwenyekiti wa zamani niliyempindua? Mimi, na nilimwekea na utepe wa buluu. Kumbukumbu yangu ambayo haijawahi kumsamehe mtu ikaanza kunipangia mashine moja baada ya nyingine: ya fundi cherehani, ya muuza mkaa, ya mwalimu wa hesabu. Mtaa mzima niliung'oa sikio la kulia kwa koleo langu, na mtaa ukanishukuru.

Saa saba dada yangu alinikuta nimekaa chini, sakafuni.

"Imepona?"

"Imepona."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akafungua mdomo kama anataka kuongeza kitu, akaufunga. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitawaeleza watu."

"Utawaambia umekosea?"

"Nitawaambia kumetokea hitilafu ya kiufundi."

Akacheka. Miaka minne sikuwa nimeusikia mcheko wake, na niliousikia ungeweza kukata bati. "Basi twende wote," akasema. "Mashine naibeba mwenyewe. Wewe mikono yako siiamini."

Saa nane tulikuta kwa kinyozi pamejaa hadi barazani. Kiongozi amekalishwa kwenye kiti kizuri, kile kinachozunguka. Kinyozi ananyoa kijana mmoja huku akiendesha kikao, maana kwake kikao si sababu ya kuacha kazi. Karani kasimama karibu na kioo, ananisomea ile nakala kwa macho ya mtu aliyeshiba.

Karani huyu, kumbukeni, nilimwondoa kwenye uenyekiti mbele ya watu kwa kumwita msikilizaji wa harusini. Sikutegemea mapenzi.

"Ndugu wajumbe," nikaanza, "kwa sababu za kiufundi naomba zoezi la alama liahirishwe."

"Sababu zipi?" akauliza kinyozi.

"Za kiufundi."

"Mwenyekiti," akasema karani, sauti tamu kama dawa ya kikohozi, "ni wewe uliyetufundisha kwamba neno 'kiufundi' ni shuka wanalojifunika waongo. Ulisema hapahapa. Kwenye kiti hiki."

Kweli nilisema. Hata mimi nilikumbuka.

"Namba Mbili huyu," nikasema, "pengine tulimwonea kidogo."

Zogo! Watu wakaanza kunirudishia maneno yangu kama wanaonirushia mawe niliyowagawia mwenyewe.

"Pambo la jukwaa!"

"Kamshikia jirani mtoto!"

"Ukimwondoa kwenye wimbo, wimbo unapumua!" Huyo alikuwa fundi cherehani. Hilo nilikuwa nimelisahau, na lilikuwa zuri, ndiyo maana liliuma.

Karani akainua mkono, watu wakanyamaza. "Wajumbe, tazameni pale mlangoni. Aliyebeba mashine ni nani? Ni dada yake. Na mume wa dada yake ni nani?" Akaacha watu wahesabu wenyewe. "Mwenyekiti aliyesusia harusi ya nduguye kwa ajili ya msimamo, leo msimamo umelegezwa na undugu. Damu imempanda kichwani."

Nimeitwa mengi maishani. Mchochezi, mlevi, kichaa wa getini. Mla upendeleo sikuwa nimeitwa bado. Nikapanda tena juu ya kiti, kilekile cha wiki iliyopita.

"Sikilizeni. Si damu, ni koleo. Mashine zenu zote, mimi nilizikata upande wa kulia. Wewe, na wewe, na wewe mwenye utepe wa buluu. Kanda ina pande mbili, nyinyi mmesikia mmoja. Sifuri niliyotoa niliitoa nikiwa na sikio moja. Na ukumbini sijawahi kuingia. Sijawahi kuwaona hawa watu wakipiga. Nimekosea."



Mtu mmoja nyuma akauliza: "Kwa hiyo mashine yangu ulinitengenezea au uliniharibia?"

"Hilo baadaye," akasema kinyozi. "Piga tusikie."

Dada yangu akaunga spika, moja dirishani, moja kwenye rafu ya mafuta ya nywele. Wimbo wa tatu. Solo akasema, kule kwenye mafuta ya nywele akajibiwa.

Niliona vichwa vikigeuka vyote pamoja, kulia, kama vya kuku waliosikia mahindi. Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea, kichwa cha kijana kikabaki nusu msitu nusu uwanja. Fundi cherehani akakaa chini. Karani alivumilia hadi katikati ya wimbo, kisha nikaona kidole chake kinagonga pajani bila ruhusa yake.

Wimbo ulipokwisha akasema polepole, "Huyu ndiye tuliyempa sifuri?"

"Huyu ndiye," nikasema.

"Tumekuwa washenzi."

"Aitwe!" watu wakapiga kelele. "Namba Mbili aitwe!"

Kijana wa nusu kichwa akaruka na shuka lake shingoni, akatoka mbio. Mtu mmoja tu hakushangilia. Kiongozi alikuwa anaangalia viatu vyake kama vimeanza kuongea.

Shemeji akaja. Ndevu za siku nne, shati limefungwa vifungo mshazari, gitaa mgongoni. Watu wakampisha wakimpigapiga mabega. Hakuelewa. Alinitazama mimi kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma mara moja.

Nikashuka kwenye kiti. Nikang'oa ile karatasi kwenye kioo, nikaichana mbele ya macho yake, nikachukua nyingine. Wino mwekundu uleule. Nikaandika kumi, kubwa, nikaipigia mstari.

"Shemeji," nikasema, "nilikunyima sikio langu, kisha nikakuhukumu kwa kutosikika. Nisamehe. Kumi hii ni yako."

Mkono wake ukapokea karatasi. Akaisoma. Akasikia kwamba kanda imepigwa pande zote mbili. Ndipo rangi ikamtoka usoni.

"Shemeji," akasema, "upande wa kulia si mimi."

Akainua mkono wake wa kushoto.

"Siku ya kurekodi mkono huu ulikuwa kwenye plasta. Nilianguka ngazini na spika. Studio ilikuwa yetu kwa mchana mmoja tu, hakuna kuahirisha. Kiongozi anajua. Solo anajua. Wote wanajua." Akamgeukia mke wake. "Alipiga yeye. Nyimbo zote nane. Solo aliapa hataweka sura yake kwenye kanda moja na mwanamke, kwa hiyo wakaandika jina langu, na sisi wawili tukakubali."

Nikamtazama dada yangu. Huyu niliyembeba mgongoni. Nilijua anapiga kidogo, nyumbani, kama watu wanavyoimba bafuni.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa umesusia." Akaja mbele, sura imemkaza. "Miaka yote nimesikia ukisema Namba Mbili hafai, nikavumilia, nikijua unasema kwa ujinga tu. Lakini juzi umeiandika, umeipigia muhuri, umeibandika kwenye kioo. Ile sifuri uliandika jina la mume wangu, kaka, ila ulinipa mimi. Njaa ya nyumba ya mwanamuziki nimevumilia. Sifuri siivumilii."

Karani akafuta jasho. "Kiongozi, ni kweli?"

Kiongozi akaitikia kwa kichwa, bado anaongea na viatu. "Ni kweli. Tulidhani kanda yenyewe haitafika mbali."

Nilitaka kumpasua. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, maneno yamepanga foleni. Kisha nikakumbuka nani alitoa alama, nikaikunjua.

"Sasa," akasema kinyozi, mtu wa vitendo, "Kiongozi amekuja kuchukua majina. Solo, Besi, Ngoma wamepita. Kinanda na tano zake za huruma sasa ndiye wa mwisho, atabaki nyumbani. Nafasi imebaki moja. Gitaa namba mbili. Nani?"

"Aliyepiga kanda," akasema fundi cherehani.

"Aliyepiga jukwaani," akasema kijana wa nusu kichwa. "Mwaka mzima baada ya plasta, ukumbini alipiga nani?"

"Mimi," akasema shemeji. "Alinifundisha kidole kwa kidole. Kumi yake siitaki. Lakini jukwaa lile nimelitolea jasho mwaka mzima. Hakuna aliyenisikia, nilikuwepo."

Watu wakagawanyika palepale, barazani upande huu, ndani upande ule, na karani, ambaye hasara za watu humpa afya, akasogeza karatasi mpya mbele yangu na kunifunulia kalamu.

"Mwenyekiti, muhuri unao wewe. Andika jina moja."

Nikashika kalamu. Nikawatazama wote wawili, wamesimama bega kwa bega chini ya kioo. Nikafikiri nina akili: hawa ni mke na mume, wanapendana, mmoja atampisha mwenzake, na mimi nitapona.

"Semeni wenyewe," nikawaambia. "Nani anapanda?"

Hawakutazamana. Wakajibu kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi:

"Mimi."